Sasisho la Mwezi wa Saba

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalitokea nyumbani kwetu, na jirani yetu Bibi Lai yupo hai, anaweza kuulizwa. Nitataja jina la kila aliyehusika isipokuwa moja, jina langu kamili. Ukifika mwisho utajua kwa nini. Niite Yuyu, kama mama yangu alivyoniita.

Ilianza asubuhi ya kawaida yenye joto. Duka letu liko mji mdogo wa Putzu, mtaa wa nyuma ya soko. Tunatengeneza vitu vya karatasi na mianzi vya kuchomewa marehemu ili viwafikie huko waliko: nyumba za ghorofa, magari, nguo, mbwa wa kulinda geti. Baba yangu, Pa, huchana mianzi na kufunga mifupa ya nyumba. Kubandika karatasi ilikuwa kazi ya Ma, mama yangu. Ma alipofariki mwaka jana, niliacha shule ya ufundi kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, nikakaa kwenye kiti chake.

Asubuhi hiyo alikuja mteja kuagiza vitu vya baba yake.

"Simu muwekeeni toleo jipya," alisema. "Mzee hakupenda vitu vilivyopitwa na wakati."

"Na chaja?" Pa akauliza.

"Weka na chaja, kaka. Weka mbili kabisa. Sitaki anijie ndotoni kuniomba chaja."

Tulicheka wote. Nikachukua simu moja kwenye sanduku nimwonyeshe. Simu hizo natengeneza mwenyewe: kipande cha kadibodi, karatasi nyeusi nyuma, na mbele karatasi ya kung'aa yenye picha ya anga la buluu. Hazina maandishi yoyote.

Bado tunacheka, simu ya Ma ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni yangu. Maneno yalikuwa yaleyale ya siku zote. *Mfumo mpya uko tayari. Ungependa kusasisha?* Chini yake palikuwa na vitufe viwili: *Sasa* na *Baadaye*.

Nikabonyeza *Baadaye*, kama nilivyobonyeza tangu tumzike.

Simu ile ndiyo ilikuwa Ma wangu aliyebaki. Alipokuwa hai alikuwa akitoka alfajiri kwenda sokoni, na kwa kuwa mimi ni mzito wa kuamka, alirekodi sauti yake ikawa kengele: "Yuyu, amka, maziwa ya soya yanapoa." Aliisema huku anakaribia kucheka. Kila asubuhi niliamka kwa sauti hiyo. Na ndani ya programu ya kuchati zilikuwamo jumbe zake nyingine za sauti, alizotutumia mimi na Pa, ambazo kwenye simu zetu tulikuwa tumeshazifuta. Nunua tangawizi. Anua nguo, mvua inakuja. Pa yako amesahau dawa tena, mcheke. Sina wimbo ninaoujua vizuri kama nilivyozijua hizo.

Sasa programu ikatoa tangazo. Kuanzia mwezi unaofuata isingefunguka tena kwenye simu zenye mfumo wa zamani.

Nikampelekea simu Kuo-wei, fundi mwenye kibanda mbele ya soko. Aliigeuza simu, akapuliza vumbi.

"Dada mdogo, kitu hiki kingekuwa mtu kingekuwa kinatembelea mkongojo."

"Nikisasisha, sauti zitabaki?"

"Inaweza kuamka, inaweza isiamke. Nafasi imejaa, betri imechoka. Nimeona zilizokufa katikati."

"Nizihamishie simu nyingine?"

"Itaomba namba ya siri, na namba hiyo inatumwa kwenye laini yake. Laini si imeshafungwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa pia nimejaribu kuzirekodi kwa simu yangu, nikizicheza huku nazinasa. Ma akatoka kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

"Basi chagua ugonjwa wako," Kuo-wei akasema, kisha akaona uso wangu. "Samahani. Sikukusudia vibaya."

Nyumbani nilimweleza Pa. Aliendelea kuchana mwanzi wake bila kuinua macho.

"Sasisha yaishe. Ama izime. Amefariki, Yuyu. Mwache mama yako apumzike."

"Simzuii kupumzika. Ananiamsha tu."

"Ananiamsha na mimi," Pa akasema. "Kila siku. Umewahi kufikiria hilo?"

Sikuwa nimefikiria. Ukuta wa chumba chake na changu ni ubao mmoja. Baadaye, tunakula, akaweka vijiti vyake vya kulia chini na kusema taratibu:

"Tumuulize mwenyewe."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Kwetu jambo likiwa zito huulizwa kwa mbao za mwezi. Ni vipande viwili vyekundu, umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa, mwingine wa mviringo. Unasimama ndani ya nyumba, mbele ya madhabahu ya wazee wa ukoo, unataja jina la unayemuuliza, unataja mtaa na namba ya nyumba, unasema swali, unaviachia vianguke. Kimoja kikilala bapa na kingine mviringo, ni ndiyo. Vikijifunika vyote viwili, ni hapana. Kwa jambo kubwa ndiyo lazima ije mara tatu mfululizo.

"Akikataa, hutagusa simu yake?" nikamuuliza Pa.

"Sitagusa."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mwanangu."

Nilimwamini. Mtu akikosa kumwamini baba yake, atamwamini nani?

Tukachagua siku ya katikati ya mwezi wa saba wa kalenda yetu. Ni mwezi ambao mlango wa kuzimu huachwa wazi, na wafu wasio na wa kuwakumbuka huzurura mitaani. Hatuwaiti mizimu. Tunawaita ndugu wema, wasije wakachukia. Siku hiyo kila nyumba huweka meza nje, ikitazama barabara, imejaa kuku, wali, matunda na biskuti. Chini ya meza huwekwa beseni la maji na taulo mpya, wanawe uso kabla ya kula. Na mwezi mzima hakuna anayetaja jina kamili la mwenziwe kwa sauti. Ndugu wema wakilipata jina lako, wanalitunza.

Mchana ule jua lilikuwa kali. Nilikuwa jikoni nikikaanga samaki wa mwisho wa mezani. Mafuta yalikuwa yakipiga kelele. Katikati ya kelele nilisikia mbao zikianguka. Tak. Tak. Zikaanguka tena. Zikaanguka tena.

Pa aliingia. Shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Amekubali," akasema. "Mara tatu mfululizo. Sasisha."

Nililia pale pale, mwiko mkononi. Kisha nikaosha mikono, nikaketi kwenye kiti cha Ma, nikaishika simu kwa mikono miwili. Masharti yalikuwa marefu. Sikuyasoma, nani huyasoma? Nikabonyeza *Nakubali*. Nikabonyeza *Sasa*.

Kioo kikawa cheusi. Mstari mweupe ukaanza kutambaa. Simu ikapata joto, ikawa ya moto, nikaifungia kwenye aproni wala sikuiachia. Nje ubani wa mezani uliteketea mpaka kwenye vijiti vyake. Mstari ukafika mwisho.

Ikawaka.

Jumbe zote zilikuwamo. Nilicheza ule wa tangawizi. Nilicheza ule wa nguo. Ma alikuwa mzima, safi, karibu kuliko zamani, kama amekaa begani kwangu. Nilimkumbatia Pa. Hakunikumbatia vizuri. Mikono yake ilikuwa imelegea.

Jioni nilipotoa beseni la chini ya meza, maji yalikuwa meusi. Taulo ilikuwa imekamuliwa.

Asubuhi iliyofuata kengele ililia kama kawaida. "Yuyu, amka, maziwa ya soya yanapoa." Baada ya neno la mwisho kulikuwa na pumzi. Ilikuwa ndefu, ya mtu aliyetembea mbali. Haikuwapo zamani. Nikajiambia ni mfumo mpya, unasafisha sauti, unatoa vilivyokuwa vimejificha.

Siku iliyofuata, baada ya pumzi, maji yalidondoka. Kama taulo inakamuliwa.

Nikamrudia Kuo-wei. Alisikiliza, akakuna shingo. Akasema mifumo mipya ina vitu vingi, mingine inajifunza sauti ya mtu na kuiiga, labda niende kwenye mipangilio nizime. Tulitafuta wote wawili kila mahali. Hatukuona cha kuzima. Aliponirudishia simu alifuta vidole kwenye suruali yake.

"Imelowa," akasema. "Uliiangusha majini?"

Sikuwa nimeiangusha.

Kisha jina langu likapotea. "Amka, maziwa ya soya yanapoa." Yuyu haikuwapo. Nikairudia. Haikuwapo. Ule ujumbe wa tangawizi ulikuwa umekuwa mrefu. Nunua tangawizi, Ma alisema, halafu kimya, halafu kwa sauti ileile inayokaribia kucheka: nyumba hii ina watu wangapi?

Niliitupa simu kitandani.

Asubuhi nyingine kengele ilisema: "Wewe. Amka." Pumzi. "Wewe unaitwa nani?"

Yuyu ni jina la kubembelezea. Aliye nje halimfai; anataka lile kamili. Nilikaa kitandani nimeziba mdomo kwa viganja viwili.

Nilitoka nje nikiwa miguu peku. Bibi Lai alikuwa anafungua kigari chake cha maandazi ya mvuke, upande wa pili wa barabara.

"Mbona uso kama karatasi za dukani kwenu?" akanitania. "Nikuchome nikutume kwa marehemu mume wangu? Ana soksi zangu."

Sikucheka. Nikamwambia kila kitu, kwa kunong'ona. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Baba yako alimuulizia mama yako wapi?"

"Madhabahuni. Siku ya meza."

Bibi Lai akafunika maandazi. Akanishika mkono, mkono wake una moto wa mvuke.

"Mjukuu wangu, siku ile baba yako alirusha mbao nje. Mbele ya meza. Ameipa nyumba mgongo, anatazama barabara. Nilimwona kwa macho yangu."

"Labda alikuwa anawauliza ndugu wema kama wameshiba."

"Na mimi nilidhani hivyo. Lakini kuuliza shibe, ndiyo moja inatosha, unaondoa vyombo. Yeye alirusha mara tatu. Nikajisemea, huyu leo anawauliza nini wageni?"

Nilivuka barabara. Sikuwa nahisi lami. Ndani, mbao za mwezi zilikuwa mahali pake. Nikawasha ubani. Nikataja jina la Ma lote, Ko Shu-chen, inaruhusiwa kwa kuwa ni wetu na amekwishaenda. Nikataja mtaa, nikataja namba ya nyumba.

"Ma, ni wewe unayesema ndani ya simu?"

Zikajifunika. Hapana.

"Uliulizwa?"

Zikajifunika. Hapana.

"Pa anajua?"

Ndiyo. Nikarusha tena. Ndiyo. Nikarusha tena, huku naomba zianguke vingine. Ndiyo.

Pa alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa mianzi begani. Aliona mbao, aliona macho yangu. Akautua mzigo polepole.

"Ningemuuliza mama yako," akasema, "angekataa."

"Kwa hiyo ukawauliza wao?"

"Waliokula mezani kwako hawakunyimi jibu."

Hivyo ndivyo alivyosema. Bila hasira. Kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stesheni.

"Nilidhani simu itakufa tu," akaendelea. "Fundi alisema inaweza kufa. Nilitaka iwe imekufa kwa kusasishwa, si kwa mkono wangu. Nilitaka asubuhi moja, Yuyu. Asubuhi moja niamke bila mke wangu kucheka nyuma ya ubao na mimi simwoni."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

Akaninyooshea kiganja. Nikampa simu. Akasema ataizima, ataivunja, ataitupa kwenye tanuri la hekalu, la kuchomea karatasi, alasiri ileile. Alilia aliposema hivyo, na machozi ya baba yako ni vigumu kuyatilia shaka. Nikamwamini tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mara ya kwanza alinidanganya sijui kitu. Mara ya pili nilikuwa najua.

Alasiri nilikwenda kupeleka mzigo wa nguo za karatasi. Nilirudi mapema, mvua ilikuwa inatishia. Duka lilikuwa kimya. Nyuma, kwenye rundo la mianzi, palikuwa na mwanga mdogo wa buluu.

Pa alikuwa amechuchumaa. Simu ilikuwa sikioni.

"Mara moja tu," alikuwa ananong'ona. "Ile yake. Ile yake kabisa."

Nikasikia sauti. Ilikuwa Ma. Ma hasa, na kale kakohozi kake kabla ya kusema.

"Chin-tu. Umekula?"

Pa aliposikia jina lake alijikunja kama mtu aliyepigwa tumboni. "Nimekula," akasema. "Nimekula, mke wangu. Wewe je?"

Hakujibiwa. Badala yake ilikuja ile pumzi ndefu. Kisha maji.

"Sasa lete," ikasema sauti.

Nilitaka kupiga kelele. Sikuweza. Nilimwona baba yangu akifumba macho. Nilimwona akifungua mdomo. Akalitaja jina langu. La ukoo kwanza. Halafu la pili. Halafu la tatu. Taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayemwandikisha mtoto shule.

Mwanga ukazimika.

Mianzi ilidondoka nilipoigusa kwa bega. Pa akageuka. Tulitazamana.

"Ilisema itanipa dakika moja," akanong'ona. "Dakika moja tu ya kwake. Yuyu, hukusikia? Aliniuliza kama nimekula."

Nilirudi kinyumenyume mpaka barabarani. Nilipogeuka kuvuka, nikaitwa kwa jina langu lote. Kwa sauti ya Ma. Kutoka nyuma yangu, karibu, pale penye kisogo ambapo nywele ni fupi.

Ma hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.

Mwezi wa saba ukiitwa kutoka nyuma, hugeuki, huitikii. Sikugeuka. Sikuitikia. Bibi Lai alikuwa ananitazama kutoka kwenye kigari chake, na hakuwa anatazama uso wangu. Alikuwa anatazama juu ya bega langu.

Tangu siku hiyo nalala kwake. Mwezi wa saba umekwisha, mlango wa kuzimu umefungwa, hekalu limeteketeza karatasi za kuwasindikiza ndugu wema. Pa mwenyewe aliitia simu tanurini. Mara hii Bibi Lai alisimama pembeni mpaka ikayeyuka. Pa amekonda. Huniuliza kila siku kama nimekula, na mimi humjibu, kwa kuwa ni baba yangu. Zaidi ya hapo hatuongei. Nakwenda dukani asubuhi, nabandika, natoka jua likiwa bado lipo. Kazi ni kazi.

Wiki iliyopita yule mteja alirudi kuchukua mzigo wa baba yake. Nilifungua sanduku kumtolea simu. Zote zilikuwa na anga la buluu, isipokuwa ya juu kabisa. Hiyo ilikuwa na maandishi. Nilidhani ni mchezo wa mtu. Nikaikwaruza kwa kucha. Yalikuwa chini ya ule mng'ao, ndani ya karatasi yenyewe.

*Mfumo mpya uko tayari.* Halafu jina langu, lote, bila kukosea herufi. *Ungependa kusasisha?* Vitufe vilikuwa viwili.

Nikampa mteja nyingine. Ile nimeificha chini ya kiti cha Ma. Sithubutu kuichoma, maana kukichoma kitu ndiko kukipeleka kwa wafu. Kila asubuhi naitoa, naweka kidole juu ya *Baadaye*, nabonyeza. Najua ni kadibodi. Najua nimeikata kwa mkasi wangu. Nabonyeza hivyo hivyo, na hapo kidole kinapogusa, karatasi ina unyevu.

Leo nimeitoa tena. Kitufe kimebaki kimoja.